Pasipoti haifundishi Kiingereza

Jumamosi moja ya mwezi Juni, upepo wa Dodoma ukiwa umeshaanza kupasua midomo, nilimkuta mwanafunzi wangu wa zamani katika soko la Majengo akimsaidia mama yake kupanga mafungu ya karanga. Aliniamkia kwa kupiga goti kidogo, akafuta mikono kwenye kanga, akatoa simu. "Mwalimu, naomba unisomee hapa. Labda ni mimi sijaelewa."

Alikuwa ameelewa barabara. Lilikuwa tangazo la kazi ya kufundisha watoto Kiingereza nchini Korea Kusini. Mshahara mzuri, nyumba ya kukaa, tiketi ya ndege. Mwombaji awe na shahada, ya fani yoyote. Kisha ukafuata mstari uliomfanya anitafute macho: mwombaji awe raia wa Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland au Afrika Kusini. Hiyo ndiyo sheria ya viza ambayo Korea huwapa walimu wa lugha, viza ya E-2, na shule iliyotoa tangazo haina mamlaka ya kuipindisha.

Binti huyu ana shahada ya ualimu kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma. Amefundisha Kiingereza miaka 6 katika shule binafsi, na nimewahi kukaa nyuma ya darasa lake nikamsikiliza. Anafundisha vizuri kuliko nilivyofundisha mimi katika umri wake. Kijana aliyesomea uhasibu huko Texas, ambaye hajawahi kuandika andalio la somo hata moja, angeweza kuomba viza ile. Yeye asingeweza, hata angefundisha miaka 30. "Sasa mwalimu," akaniuliza, "hawa wanapima Kiingereza changu au wanapima pasipoti yangu?"

Nilinunua karanga, nikamwahidi jibu. Nimelitafakari kwa wiki kadhaa, na ninaliandika gazetini kwa sababu najua hayuko peke yake. Mwanzoni mwa 2025, Serikali ilipoita walimu kwenye usaili, waombaji walizidi laki 2 kwa nafasi zisizofika 15,000. Wengi wao ni watoto wa vyuo vyetu, na hapa Dodoma tunakutana nao kila siku: mmoja anaendesha bodaboda Ntyuka, mwingine anafundisha tuisheni sebuleni kwa mtu Kisasa, mwingine anajitolea katika shule ya kata kwa posho ya wazazi. Ukikaa nao, baada ya dakika kumi watakuuliza habari za Thailand, China au Dubai.

Jibu langu kwa binti yule ni kwamba wanapima pasipoti. Korea ina haki ya kutunga sheria zake za viza, sibishani nayo katika hilo. Ninachobishana nacho ni imani iliyo chini ya sheria ile, kwamba Kiingereza hufundishwa vyema na mtu aliyezaliwa ndani yake. Imani hiyo si sahihi, na kwa bahati mbaya ilipewa baraka jirani na kwetu.

Januari 1961, wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kujadili namna ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Tanganyika ilikuwa imebakiza miezi 11 kupata uhuru. Miaka 31 baadaye, mwanaisimu Robert Phillipson aliichambua taarifa ya mkutano ule katika kitabu chake Linguistic Imperialism, akaonyesha kuwa umejengwa juu ya imani tano: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza kitupu, mwalimu anayefaa zaidi ni mzawa wa lugha hiyo, mtoto aanze mapema awezavyo, kikisikika kwa wingi ndivyo atakavyokijua, na lugha nyingine zikitumika sana, kiwango chake kitashuka. Phillipson alizikataa zote tano, na hoja zake zimesomwa vyuo vingi duniani. Lakini ukitaka kuona Makerere ya 1961 ingali hai, huna haja ya kwenda Seoul. Tembelea shule za mchepuo wa Kiingereza hapa mjini. Utakuta mtoto wa darasa la pili amevishwa kibao shingoni kwa kosa la kumwambia mwenzake "nipe maji".

Mwaka huohuo wa 1961 ulianzishwa mpango wa kuleta walimu Afrika Mashariki kutoka Marekani, ukiratibiwa na chuo cha ualimu cha Columbia kule New York. Baadhi yao walipitia mafunzo hapohapo Makerere kabla ya kugawanywa shuleni. Walifuatiwa na vijana wa Peace Corps. Hapa katikati ya nchi walitanguliwa kwa miaka mingi na wamisionari wa Kianglikana, ambao tangu 1927 wengi walikuwa Waaustralia. Shule ya Alliance ya Dodoma, iliyokuja kuitwa Mazengo na ambayo majengo yake leo ni ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, ilitoa wasomi wa kwanza wengi wa uwanda huu. Sitawasema vibaya walimu wale. Wengi walikuja wakiwa vijana wabichi, wakaishi kwenye vumbi letu, wakala ugali wa uwele na mlenda, wakaondoka wakilia. Watu wazima wa Mvumi na Kongwa bado wanawataja.

Ila aliyenifanya mimi nikijue Kiingereza alikuwa Mgogo wa Mvumi. Aliingia darasani akasema "Mbukwenyi!", tukaitikia, akageukia ubao. Alikuwa na desturi moja ambayo sikuielewa thamani yake mpaka nami nilipokuwa mwalimu. Kabla ya kufundisha jambo gumu, alituambia ni wapi yeye mwenyewe alikwama alipokuwa mwanafunzi. "Hapa mimi nilikaa miezi mitatu," alikuwa akisema, akigonga ubao kwa kidole. Kisha akatuonyesha alivyojinasua.

Mzungu mwema aliyetufundisha kwa muhula mmoja hakuweza kutufanyia hivyo. Tulipomuuliza kwa nini tuseme hivi tusiseme vile, alifikiri sana, kwa unyoofu, akajibu kuwa ndivyo inavyosikika vizuri. Kwa masikio yake, ndiyo. Sisi masikio hayo hatukuwa nayo. Mtu aliyezaliwa mtoni hana kumbukumbu ya siku aliyojifunza kuogelea.

Nilipangiwa kufundisha wilaya ya Kondoa, zamani hizo ikiwa bado haijamegwa kuizaa Chemba. Anayeijua nchi ile anajua utajiri wake. Katika darasa moja la kidato cha kwanza nilikuwa na Warangi na Wagogo, ambao lugha zao ni za Kibantu. Waburunge, ambao lugha yao ni ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali. Na watoto wa Kisandawe kutoka upande wa Kwa Mtoro, ambao maneno yao yamejaa vidoko vya ulimi. Mwaka mmoja nilikuwa pia na kijana wa Kibarabaig, mfugaji, lugha yake ya Kinailoti. Wanaisimu wanasema ukanda huu wa Bonde la Ufa nchini Tanzania ndipo pekee Afrika ambapo makundi yote manne makubwa ya lugha za bara letu yanakutana. Kwangu mimi ilikuwa ni Jumatatu asubuhi, watoto 50, vitabu 12.

Shida ya kwanza ilikuwa r na l. Warangi wenyewe jina la lugha yao wengine huliandika Kirangi, wengine Kilangi, na katika darasa langu sauti hizo mbili zilibadilishana viti apendavyo msemaji. Kusahihisha kwa kukemea hakukusaidia kitu. Siku moja niliokota kioo cha pembeni cha pikipiki, kimepasuka kona, nikaenda nacho darasani. Nikamwita mtoto mmoja mmoja. Shika kioo, fungua mdomo, ncha ya ulimi iweke nyuma ya meno ya juu, iache hapohapo, sasa toa sauti. Hiyo ni l; unaweza kuivuta mpaka pumzi ikuishie. Sasa urudishe ulimi nyuma kidogo, usiguse kitu chochote, toa sauti. Hiyo ni r ya Kiingereza, siyo hii yetu inayogonga. "Light." "Right." Waliona ndimi zao wenyewe kwa mara ya kwanza maishani, wakacheka hadi machozi. Baada ya wiki mbili robo tatu ya darasa walikuwa wametenganisha sauti zile, na kioo kilikuwa kimeazimwa na madarasa mengine.

Miaka mingi baadaye nilisoma kuwa Mjapani naye huteswa na jambo hilohilo. Katika maneno ya mkopo ya Kijapani, "light" na "right" yote husemwa na kuandikwa neno moja, raito. Mkorea naye ana herufi moja inayobeba sauti zote mbili. Niliposoma hayo nilikiona kioo changu. Mtoto wa Busan au wa Osaka anayesema "lice" akikusudia "rice" anahitaji mtu aliyewahi kukaa mbele ya kioo kile.

Mifano haikuishia hapo. Mswahili akikopa "book" anaongeza irabu mwishoni, inakuwa buku. Mjapani naye anasema bukku. Sisi tunasema "yeye" kwa mwanamume na kwa mwanamke, kwa hiyo wanafunzi wangu walisimulia habari za bibi zao wakiwaita "he" kutoka mwanzo hadi mwisho. Wachina katika kusema hutumia neno moja, tā, kwa wote wawili. Tofauti huonekana kwenye maandishi tu, na mwalimu yeyote aliyefundisha huko atakuambia watoto wake wanawageuza bibi kuwa babu vilevile. Dawa yangu ilikuwa kopo la maziwa na kokoto. Mwanafunzi anasimulia habari za bibi yake kwa dakika tano, na kila akiteleza kusema "he", mwenzake anadondosha kokoto moja koponi bila kumkatiza. Mlio ule ulifanya kazi ambayo kalamu nyekundu haikuiweza. Na hizo "a" na "the", ambazo Kiswahili hakina, hazimo pia katika Kikorea, Kijapani, Kichina wala Kithai. Sijawahi kukutana na mzawa wa Kiingereza anayeweza kueleza matumizi yake kwa mtu asiye nazo mpaka awe amelisomea jambo hilo hasa. Mtanzania aliyezipata kwa jasho anaweza kukuchorea ramani.

Kwa hiyo ninaposema binti yule wa Majengo ana mtaji, sisemi kwa kumfariji. Amekua na Kirangi nyumbani, Kiswahili shuleni na sokoni, Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza. Amejifunza lugha mara mbili akiwa na akili ya kukumbuka namna alivyojifunza. Kazi anayoiomba Korea ni hiyohiyo aliyoifanya ndani ya kichwa chake mwenyewe.

Lakini nitamkosea yeye na wenzake nikiishia hapa, maana kuna ukweli mwingine unaouma. Wapo walimu wetu wengi wa Kiingereza ambao Kiingereza chenyewe hakijawakaa. Tunajua sababu. Mtoto anasoma miaka 7 kwa Kiswahili, halafu Januari moja anafungua kitabu cha baiolojia kilichoandikwa kwa Kiingereza na kuambiwa asome. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari nazo zihamie Kiswahili hatua kwa hatua; pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwaka 1984 wataalamu Criper na Dodd, waliopima wanafunzi wa sekondari na vyuo vyetu, waliripoti kuwa Kiingereza cha wengi hakitoshi kuwafundishia masomo mengine. Dawa iliyotolewa ikawa mradi wa kukiimarisha Kiingereza, na vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa vikafika shuleni. Mimi mwenyewe nilivipokea, vilikuwa vizuri, vikachakaa, havikuletwa vingine. Sera ya elimu ya 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili kufundishia ngazi zote, na mpaka leo kidato cha kwanza kinaanza kwa Kiingereza kama kilivyoanza siku zangu.

Matokeo yake ni mwalimu aliyekariri kanuni za sarufi bila kuwahi kusoma riwaya nzima ya Kiingereza kwa raha yake, au kuzungumza na mtu kwa saa nzima bila kurudi kwenye Kiswahili. Mwalimu huyo akienda nje ataumbuka, naye atawafungia mlango wanaokuja nyuma yake. Kwa vijana walionisomesha CV zao nimekuwa mkali katika hili. Nawaambia wasome kila siku, kitabu kizima, na wakiandike walichokisoma. Wawe na kikundi cha kuzungumza. Wapo wanaokutana jioni pale Nyerere Square, na nimewaona wakibadilika ndani ya miezi sita. Matamshi ya puani hayahitajiki. Kinachohitajika ni kueleweka, kusikia unachoambiwa, na kuweza kueleza jambo moja kwa njia tatu tofauti pale mtoto anapokutazama bila kuelewa.

Tena kuna hatari za njiani. Thailand huwapokea walimu wasio wa zile nchi saba. Wafilipino wamejaa huko, na Waafrika wapo, Wakameruni, Waganda na Wakenya. Utaratibu wa halali unajulikana: viza ya kazi, kibali cha kazi, na leseni au kibali cha muda cha baraza la walimu la nchi hiyo, pamoja na cheti cha mtihani kinachothibitisha Kiingereza cha asiye mzawa. Anayekuambia "ingia kwa viza ya utalii, mengine tutayamaliza hukohuko" anakuuza. Tangu 2022 tumesikia habari za vijana wa Kenya na Uganda walioahidiwa kazi nzuri Thailand, wakavushwa mpaka kuingia Myanmar na kufungiwa kwenye maghala ya utapeli wa mtandaoni, wakilazimishwa kuwaibia watu kwa kutumia kompyuta. Walichaguliwa kwa sababu wanajua Kiingereza. Na China, ambako wengi walikuwa wakikimbilia, mwezi Julai 2021 ilibana biashara ya tuisheni kwa amri moja, makampuni makubwa yakaanguka, na walimu waliokuwa wakifundisha kwa mtandao kutoka nchi za nje wakapoteza kazi. Mwenye viza ya wasiwasi ndiye hubaki na deni la nauli.

Wakala wa ajira za nje anapaswa kuwa na leseni ya Serikali, na TaESA, chombo cha Serikali cha huduma za ajira, ndipo pa kuulizia kabla hujatoa hata shilingi. Nawaomba wazazi waulize. Nimeona ng'ombe wakiuzwa Bahi kwa ajili ya "konekisheni" ambayo mwenyewe hakuwahi kuonyesha ofisi.

Hapo ndipo ninapogeukia wakubwa wetu, ambao sasa ni majirani. Kutoka Majengo hadi Mji wa Serikali Mtumba ni mwendo wa daladala. Nchi nyingine zimelifanya jambo hili kwa utaratibu, na mfano mmoja uko mpakani kwetu. Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, ilihitaji walimu. Desemba 2021 ilitiliana saini na Zimbabwe, na Oktoba 2022 walimu 154 wa Kizimbabwe wakatua Kigali. Walikwenda kwa mkataba kati ya serikali mbili, wakijua mshahara, muda na nani wa kumpigia simu wakipata shida. Kigali iko karibu na Dodoma kuliko ilivyo na Harare. Walimu wetu walikuwa wapi?

Mfano wa pili. Februari 2023, Uingereza iliongeza nchi tisa ambazo walimu wake wanaweza kuomba moja kwa moja kutambuliwa kuwa walimu kamili katika shule za England, kwa sababu ilikuwa na uhaba wa walimu wa hisabati, sayansi na lugha. Zilikuwamo Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Zimbabwe. Tanzania haikuwamo. Orodha kama hizo huangalia kama nchi ina chombo kinachosajili walimu na kusimamia maadili yao kwa namna ambayo mgeni anaweza kuihakiki. Sisi tulitunga Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu mwaka 2018. Leseni ya mwalimu wa Tanzania inapaswa kuwa kitu ambacho mwajiri wa Kigali, Muscat au Leeds anaweza kukihakiki kwa dakika mbili. Wizara ya Elimu, Wizara ya Mambo ya Nje na ofisi inayoshughulikia kazi zikikaa meza moja, jambo hili linawezekana. Lingefanya zaidi kwa binti yule kuliko semina kumi za kujiajiri.

Najua nitaulizwa swali, na ni swali la haki: vijijini walimu hawatoshi, nawe unataka waondoke? Nimefundisha mikondo minne peke yangu, najua maana ya upungufu. Shule za Chemba na Mpwapwa zina madarasa yasiyo na mwalimu wa Kiingereza wakati mwalimu wa Kiingereza anauza vocha mjini. Hilo ni tatizo la bajeti ya ajira, na kumzuia kijana asisafiri hakuongezi hata kipindi kimoja kwenye ratiba ya shule ya kata. Akiwa huku bila kazi, ufundi wake unachakaa; mwalimu asiyefundisha miaka mitano anasahau hata namna ya kusimama mbele ya watoto. Na deni la Bodi ya Mikopo linamsubiri palepale. Aende kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu, na aliyeajiriwa apewe likizo bila malipo, nafasi yake ikimngoja. Akirudi atakuwa ameona watoto wa taifa jingine wakipambana na Kiingereza kama alivyopambana yeye, na atajua kwamba tatizo halikuwa akili za watoto wa Kondoa. Hilo peke yake lingebadili anavyowatazama.

Kuna jambo la mwisho ambalo nalisema kwa vijana wenyewe. Anayekwenda nje kama mwalimu wa Kiingereza asikiache Kiswahili uwanja wa ndege. Umoja wa Afrika umekifanya lugha ya kazi tangu 2022, na UNESCO imekitengea tarehe 7 Julai. Vyuo vya Beijing vimekifundisha tangu miaka ya 1960. Marekani imewahi kuwachukua vijana wetu kwa mwaka mmoja wa masomo kuwa wasaidizi wa kufundisha Kiswahili vyuoni, chini ya mpango wa Fulbright. BAKITA inao utaratibu wa kuwasajili wanaotaka kufundisha wageni. Katika Kiswahili, pasipoti yetu ndiyo inayotafutwa, nami ningependa tusitumie nafasi hiyo kuwatendea wengine tulivyotendewa. Mrundi au Mkongo aliyejifunza Kiswahili ukubwani na kukifundisha vizuri apewe darasa.

Nilirudi Majengo wiki iliyopita kumpa jibu. Hakuwapo; mama yake alinikaribisha kwenye kigoda, akaniambia binti yuko kazini na jioni ana kipindi cha mazoezi. Ameacha habari za Korea. Anaomba shule moja ya kimataifa Kigali, na wameomba cheti cha IELTS, yule binti aliyesoma kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza hadi shahada. Ada ya mtihani inazidi mshahara wake wa mwezi, na cheti kinadumu miaka 2 tu. Mtihani ataufanyia Dar es Salaam, atapanda treni ya SGR Ijumaa jioni akalale kwa shangazi yake Mbagala.

"Anacho kile kioo chako," mama yake akasema.

Sikukumbuka kuwa nilimwachia. Akaingia ndani ya kibanda, akanitolea kutoka chini ya gunia la karanga: kioo cha pikipiki, kimepasuka kona, kimefungwa kwenye kitambaa. Binti hukitumia asubuhi kabla hajaenda shuleni, na watoto wa darasa lake la pili wote, mama akasema, wanajua kukishika.